Oili ya Gari la Chama: Sintetiki au ya Kawaida?

Na Mkaguzi wa Ushirika, Tabora



Katika ziara za ukaguzi za msimu uliopita kuna swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko maswali ya leja na mizania. Nalo ni hili: je, gari la chama liendelee kutiwa oili ya kawaida, au litiwe ile iitwayo sintetiki, ambayo wauzaji wa mjini huisifu sana na ambayo bei yake yaweza kufika mara mbili au mara tatu ya ile ya kawaida? Vyama vingine vimekwisha kukata shauri bila kuuliza. Kimoja kilinunua kwa sababu galoni lilikuwa zuri na muuzaji alisema maneno mengi. Kingine kilikataa kwa sababu Mweka Hazina alisema oili ni oili tu. Maamuzi hayo yote mawili hayakutokana na hesabu, na hiyo ndiyo sababu ya somo hili.

Naomba lisomwe katika kikao cha bodi, dereva akiwapo. Nasisitiza hilo la dereva, maana katika vyama vyetu mtu aijuaye injini kuliko wote ndiye huketi nje, chini ya mwembe, wakati mambo ya injini yanapoamuliwa ndani.

KAZI YA OILI NDANI YA INJINI

Wengi hudhani kwamba kazi ya oili ni kulainisha tu. Kulainisha ni kazi yake ya kwanza, nayo ni kubwa: oili hufanya utando mwembamba sana, mwembamba kuliko unywele, kati ya chuma na chuma, ili vyuma hivyo visigusane. Lakini oili hupoza pia. Maji ya rejeta hayaifikii pistoni. Sehemu kubwa ya joto la pistoni huchukuliwa na ringi kwenda kwenye silinda, na nyingine huchukuliwa na oili. Aidha oili husafisha, kwa kuyabeba masizi yanayotokana na kuungua kwa dizeli ili yasigande ndani ya injini. Tena hupambana na asidi ambazo huzaliwa mafuta yanapoungua.

Ili iweze kufanya hayo yote, oili hutiwa dawa mbalimbali kiwandani. Dawa hizo hutumika na kwisha, kama vile sabuni inavyokwisha nguvu katika maji ya kufulia, hata kama maji yenyewe bado yapo beseni tele. Kwa hiyo chama kinachoongeza oili kila inapopungua, bila kuibadilisha, kinaongeza maji katika beseni la nguo chafu.

Oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi baada ya siku chache. Msishtuke. Ni dalili kwamba inabeba masizi, yaani inafanya kazi yake. Rangi ya kuogopa ni ile ya chai ya maziwa, kwa kuwa hiyo yaonyesha kwamba maji yameingia ndani. Na ikiwa oili yapanda katika kijiti cha kupimia badala ya kushuka, kisha yanuka dizeli, gari lisimamishwe siku hiyohiyo.

TOFAUTI YA OILI HIZI MBILI

Oili ya kawaida hutoka katika mafuta ghafi yachimbwayo ardhini, yakasafishwa. Chembe zake huwa za maumbo mengi, ndefu na fupi, zilizonyooka na zenye matawi, mfano wa kuni zilizookotwa porini. Oili ya sintetiki huundwa kiwandani kwa namna ambayo chembe zake hulingana, mfano wa mbao zilizopasuliwa kwa kipimo kimoja. Kwa sababu ya kulingana huko, haigandi upesi katika baridi, haiwi nyepesi mno katika joto, wala haiungui na kufanya utando mgumu upesi kama ile ya kawaida. Sifa hizo ni za kweli. Mtu akisema kwamba sintetiki ni porojo za wafanyabiashara, huyo hajui asemalo.

Ila oili hii si mpya kama inavyosemwa. Wataalamu wa Ujerumani walitengeneza oili za namna hii katika Vita Kuu ya Pili, kwa sababu nchi yao ilikosa mafuta ghafi na majeshi yao yalipambana na baridi ya Urusi. Baada ya vita zilitumika katika injini za ndege za jeti. Katika miaka ya 1970 zikaanza kuuzwa kwa wenye magari; ile iitwayo Mobil 1 ilitoka mwaka 1974. Basi jambo ambalo muuzaji hulileta kama habari ya juzi limewapita umri madereva wetu wengi.

Tena lipo jambo ambalo muuzaji halisemi, pengine kwa kuwa naye halijui. Mwaka 1999 huko Marekani kulikuwa na mgogoro kati ya Mobil na Castrol. Castrol ilikuwa ikichukua oili itokayo katika mafuta ghafi, ikaisafisha na kuibadilisha kwa nguvu kubwa sana kiwandani, kisha ikaiita sintetiki. Mobil ilidai kwamba jina hilo si halali. Baraza linalochunguza matangazo ya biashara likaamua kwamba jina laweza kutumika. Tangu hapo makopo mengi yaliyoandikwa sintetiki yana oili ya asili hiyo. Si udanganyifu, na nyingi ni oili nzuri sana. Lakini ni vema ieleweke kwamba neno sintetiki ni neno la sokoni, si kipimo. Nalo neno nusu sintetiki ndilo lisiloshikika kabisa, maana hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa duniani cha kiasi gani cha sintetiki kitiwe humo. Kipimo hasa kimeandikwa mahali pengine kwenye kopo hilohilo, kwa herufi ndogo.

KUSOMA KOPO

Katibu anayeweza kusoma leja anaweza kusoma kopo la oili. Mambo ya kutafuta ni mawili.

La kwanza ni maandishi ya SAE, ambayo ni ya Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani, kilichoanza kupanga oili kwa uzito wake mwaka 1911. Tuchukue SAE 15W-40. Herufi W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Tarakimu iliyo mbele ya W hueleza jinsi oili inavyokwenda wakati wa baridi, na tarakimu ya nyuma hueleza uzito wake injini ikiwa imepata moto, kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Kadiri tarakimu ya mbele inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyostahimili baridi zaidi. Oili ya 15W hupimwa uwezo wa kuwasha injini katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Oili ya 5W hupimwa katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Ile inayoitwa na mafundi wetu “oili namba 40” haina W, yaani haikupimwa kwa baridi yoyote.

La pili ni maandishi ya API, ambayo ni ya Taasisi ya Petroli ya Marekani. Haya ndiyo muhimu zaidi, na ndiyo yasiyotazamwa na mtu. Herufi S ni ya injini za petroli na herufi C ni ya injini za dizeli. Herufi inayofuata huonyesha daraja. Kadiri inavyosonga mbele katika alfabeti, ndivyo daraja lilivyo jipya. Daraja la CF-4 lilitoka mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwaka 2016. Kwa upande wa petroli, SN ni ya mwaka 2010 na SP ya mwaka 2020. Oili ya kawaida ya daraja la CI-4 italihifadhi lori lenu kuliko oili yenye jina kubwa la sintetiki ambayo ni ya daraja la petroli tu. Nimeona lori la dizeli limetiwa oili yenye herufi S peke yake, kwa bei ya juu, na hati ya malipo imepigwa saini na watu watatu.

Kitabu cha gari husema ni SAE ipi na API ipi inayotakiwa. Kitabu hicho kimepotea katika vyama vingi. Katibu na amwulize wakala wa gari hilo, apate nakala, aifungie pamoja na kadi ya gari.

NCHI YETU NA INJINI ZETU

Sasa tuzitazame sifa za sintetiki moja moja, tukiziweka hapa Tabora.

Sifa ya baridi haina kazi kubwa kwetu. Mji wa Tabora uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa Julai tunajifunika blanketi, lakini mara chache sana joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ni kweli kwamba oili nyepesi hufika juu ya injini upesi kidogo asubuhi gari linapowashwa, nayo ni faida, ila ni faida ndogo. Chama kinacholipa bei ya 5W kwa ajili ya baridi kinanunua kinga ya theluji.

Sifa ya joto ina maana zaidi. Mwezi wa Oktoba kabla ya mvua, lori lenye shehena likipita katika mchanga kwa gia ndogo, upepo wa kulipoza ni kidogo na injini hufanya kazi kubwa. Hapo oili ya sintetiki hustahimili. Lakini hata oili nzuri ya kawaida ya 15W-40 imetengenezwa kwa kazi hiyo, mradi rejeta ni nzima na oili ni ya kiasi kinachotakiwa.

Sifa ya tatu ndiyo inayouza makopo: kwamba oili ya sintetiki hukaa muda mrefu, kwa hiyo mtabadilisha mara chache. Katika barabara ya lami ya Ulaya jambo hili ni kweli. Kwetu kuna vumbi.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kwenda Ujiji, ilipitwa na wapagazi wa Kinyamwezi kila mmoja na mtumba wake, mzigo wa kawaida ukiwa frasila 2 hivi, yaani kilo 32 kasoro kidogo. Leo twaita mtumba ule robota la tumbaku litokalo ghalani kwetu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na barabara kuu zimetiwa lami katika miaka yetu hii. Lakini mitumba ya tumbaku haianzii barabara kuu. Huanzia kwenye mabani ya vijijini, katika njia za mchanga na udongo mwekundu, na humo ndimo gari la chama linamokula kilomita zake nyingi.

Mchanga hauulizi mashine imenunuliwa na nani. Wazee wa Urambo wanaukumbuka Mpango wa Karanga ambao Serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa mabaki ya vita, mengine yalinunuliwa huko Ufilipino. Udongo wa Kongwa, wenye chembe kali za mawe, uliyala majembe ya matrekta. Mafundi walikuwa wachache na vipuri viliadimika. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36, na hapo Urambo tumbaku ikachukua nafasi ya karanga. Fedha hazikukosekana katika mpango ule. Kilichokosekana ni mambo madogo ya kila siku, ya fundi na chujio.

Vumbi huingia katika injini kwa njia ya hewa. Filta ya hewa ikiwa imepasuka, au mpira unaounganisha filta na injini ukiwa na ufa, vumbi hupita moja kwa moja hadi kwenye silinda, hukwangua ringi na kuta, kisha huteremka katika oili. Kutoka hapo oili hulitembeza kila mahali. Filta ya oili hunasa chembe kubwa. Chembe ndogo hupita, na hizo ndogo ndizo zenye unene unaolingana na ule utando tuliousema. Kwa hiyo oili ya gari linalotembea vumbini humwagwa kwa sababu imechafuka, si kwa sababu imezeeka. Oili ya sintetiki huchelewa kuzeeka. Haicheleweshi kuchafuka hata kidogo.

Hii ndiyo sababu vitabu vya magari huandika kilomita mbili tofauti za kubadilisha oili: nyingi kwa matumizi ya kawaida, na chache, mara nyingi nusu yake, kwa matumizi magumu. Vumbi, mzigo mzito na safari fupi fupi ndiyo matumizi magumu. Gari la chama cha msingi lina yote matatu.

HESABU YA MIAKA MITATU

Bei ninazotumia hapa ni za mfano tu. Kila katibu aziondoe na kuweka bei za duka lake. Tuchukue gari linalotumia lita 10 za oili kila linapobadilishwa, na linalotembea kilomita 60,000 katika miaka mitatu. Oili ya kawaida iwe shilingi 12,000 kwa lita, ya sintetiki shilingi 35,000, na filta ya oili shilingi 20,000.

Oili ya kawaida ikibadilishwa kila kilomita 5,000, itabadilishwa mara 12. Hizo ni lita 120, yaani shilingi 1,440,000, pamoja na filta za shilingi 240,000. Jumla ni shilingi 1,680,000.

Oili ya sintetiki ikibadilishwa vilevile kila kilomita 5,000, jumla ni shilingi 4,440,000. Ikibadilishwa kila kilomita 10,000, jumla ni shilingi 2,220,000. Ikibadilishwa kila kilomita 15,000, ni mara 4 tu, lita 40, na jumla pamoja na filta ni shilingi 1,480,000.

Tazameni vizuri hapo mwisho. Ni katika kilomita 15,000 tu ambapo sintetiki inakuwa rahisi kuliko ya kawaida, nayo kwa shilingi 200,000 katika miaka mitatu. Muuzaji huonyesha mstari huo mmoja na kuiacha mingine. Na ili chama kipate hizo shilingi 200,000, lazima oili moja ikae kilomita 15,000 katika mchanga wetu. Kuifungua injini ya lori na kuifanyia matengenezo makubwa hugharimu mamilioni, na gari husimama majuma kadhaa.

KISA CHA CHAMA KIMOJA

Chama hiki sitakitaja jina. Kilikuwa na lori la tani 7, lisilo na tabo, lililonunuliwa kwa ziada ya msimu mzuri. Bodi ilikaa, ikaandika katika muhtasari kwamba “ili kubana matumizi” lori litiwe oili ya sintetiki na libadilishwe kila kilomita 15,000. Muhtasari ulikuwa safi, umepigwa saini, na akidi ilitimia.

Lori lilipofika kilomita 11,000 tangu oili hiyo itiwe, lilianza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Masoko ya tumbaku yalikuwa yamefunguliwa. Likaendelea kufanya kazi kwa kuongezwa oili, mara mbili, mara tatu, kisha siku moja injini ikanoki njiani likiwa na shehena. Mitumba ikalala ghalani. Tumbaku ikikaa hukauka na kupungua uzito, au ikipata unyevu huvunda; kwa vyovyote mkulima ndiye anayepunjika. Chama kikakodi lori la mtu binafsi kwa bei ya msimu, na gharama ile ikakatwa katika malipo ya wanachama kwa kila kilo.

Katika mkutano mkuu kulikuwa na makundi mawili. La kwanza lilisema oili ilikuwa ya bandia. La pili, ambalo bodi ilikuwamo, lilisema dereva aliiuza oili na kutia nyingine, kwa hiyo alipe. Dereva alikuwa amekwisha kusimamishwa kazi, na mshahara wake wa miezi miwili umezuiwa.

Niliomba kitabu cha safari. Katika safu ya maelezo, ile ambayo wengi huiacha tupu, dereva aliandika kwa mwandiko wake kwamba mpira wa hewa umepasuka. Akaandika tena baada ya siku tisa. Akaandika mara ya tatu, na safari hiyo akaongeza kwamba ameufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nafasi ya saini ya Katibu ilikuwa tupu mara zote tatu. Fundi alipoifungua injini alikuta ringi zimelika na silinda zina mikwaruzo ya vumbi kutoka juu hadi chini. Oili haikuwa na kosa. Ilikuwa oili halali, ya bei yake, iliyoachwa ibebe mchanga kwa miezi minne.

Kitabu kiliposomwa mbele ya mkutano mkuu, kesi ya dereva ilikwisha hapohapo, na mshahara wake ukalipwa. Kesi ya bodi ikaanza. Mpira ule wa hewa bei yake ilikuwa ndogo kuliko posho ya kikao kimoja.

LINI SINTETIKI INAFAA

Isije ikadhaniwa kwamba nawakataza. Lipo gari ambalo kulitia oili ya kawaida ni hasara.

Magari mengi mapya ya dizeli yana tabo, yaani ile feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa ndani. Tabo huzunguka kwa kasi ya ajabu, na injini ikizimwa ghafla oili iliyobaki ndani yake hupikwa na joto hadi kuwa makaa. Hapo sintetiki ina faida kubwa. Hata hivyo dereva bado anatakiwa kuiacha injini izunguke polepole dakika moja au mbili kabla ya kuizima baada ya kazi nzito. Magari mengine mapya yana chujio la masizi katika bomba la moshi. Hayo huhitaji oili yenye majivu machache, ambayo kitabu huitaja kwa daraja lake, na nyingi ya oili hizo ni za sintetiki. Kitabu kikisema sintetiki, chama kinunue sintetiki, na kibadilishe kwa kilomita za matumizi magumu zilizomo katika kitabu hichohicho. Asiyeweza kuimudu oili ya gari hilo asilinunue gari hilo. Bodi zinazotazama bei ya gari bila kuuliza bei ya oili yake huwaachia wanachama deni.

Kwa lori au pikapu ya zamani ya dizeli isiyo na tabo, ambayo ndiyo mali ya vyama vyetu vingi, rai yangu ni oili ya kawaida ya SAE 15W-40, ya daraja la CH-4 au CI-4 au zaidi kama kitabu kinavyoruhusu, ibadilishwe pamoja na filta yake kila kilomita 5,000 au pungufu kama kitabu kinataka pungufu. Fedha inayobaki inunue filta za hewa.

Yako pia maneno mawili ya gereji ambayo hayafai kuaminiwa. La kwanza ni kwamba sintetiki ikichanganyika na ya kawaida injini hufa. Haifi. Oili zenye alama halali za API hutakiwa ziweze kuchanganyika, na dereva aliyepungukiwa njiani aongeze aipatayo yenye daraja sawa kuliko kuendesha bila oili. La pili ni kwamba sintetiki hutoboa gasketi. Za miaka ya mwanzo zilisumbua sili za mpira, lakini jambo hilo lilirekebishwa zamani. Injini kuukuu ikianza kuvuja baada ya kutiwa oili nyepesi, uvujaji huo ulikuwapo, ila ulikuwa umezibwa na uchafu.

Kwa wenye pikipiki: oili ya gari dogo isitiwe. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili ya injini, na dawa za kupunguza msuguano zilizomo katika oili ya gari huifanya iteleze. Tafuteni alama ya JASO MA.

KUNUNUA NA KUTUNZA VITABU

Oili inunuliwe dukani kwenye anwani na risiti, galoni likiwa na lakiri isiyoguswa. Oili ya kupimiwa kutoka pipani, hata kama ni nafuu, haina daraja linaloweza kuthibitishwa. Galoni likiisha litobolewe, maana galoni zima lenye jina kubwa hununuliwa na watu wa kujaza.

Iingizwe katika leja ya ghala kwa lita, ikiandikwa SAE na API yake, na itolewe kwa hati yenye saini ya dereva na kilomita zilizosomwa siku hiyo. Katibu akikagua gari, achomoe kijiti mwenyewe. Mkaguzi akikuta lita 40 zimetoka ghalani na gari limetembea kilomita 8,000 tu, kuna mambo mawili: ama injini inakula oili, ama mtu.

Oili chafu isimwagwe karibu na kisima wala bwawa. Wengi huipaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, na kwa nguzo sina la kusema, ila mpakaji avae mifuko ya plastiki mikononi, maana oili iliyotumika hudhuru ngozi ikigusana nayo mara kwa mara. Vyama vya wafuga nyuki viwe na tahadhari zaidi: dumu lililowahi kutiwa oili lisitiwe asali hata likisuguliwa kwa mchanga na majivu, kwa kuwa harufu haitoki na shehena nzima hukataliwa.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA BODI

1. Kitabu cha gari letu kiko wapi, na kinataka SAE ipi na API ipi?

2. Oili iliyomo katika injini leo ilitiwa tarehe gani, kwa kilomita ngapi, na ni ya daraja gani? Ni nani anayeweza kujibu bila kumwita dereva?

3. Fanyeni hesabu ya miaka mitatu kwa bei za duka mnalonunua. Kisha zidisheni gharama ya lori la kukodi kwa majuma matatu ya masoko, mkaigawe kwa kilo za tumbaku za wanachama wote.

4. Fungueni kitabu cha safari katika safu ya maelezo, miezi sita nyuma. Someni kwa sauti kila alichoandika dereva, na mtaje hatua iliyochukuliwa kwa kila jambo.

5. Nendeni wote nje, mfungue filta ya hewa, mshike mpira wake kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho.